Nyumba Ambayo Yote Ni Kitanda

Bunia, Jumamosi tarehe 16 Machi 2024. Mvua ndogo ilianza kabla ya mapambazuko na ikakatika jua lilipotoka. Udongo wa Saio, mtaa wetu, ulikuwa unateleza, na ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mto Nyamukau. Mama yangu alikuwa ameketi barazani kwa jirani yetu Denise, mizigo yake imefungwa kwa kamba, akingoja lori la kwenda Ariwara. Ng'ambo ya ua, upande wetu, ilisimama nyumba ndogo ya magurudumu ambayo mume wangu alimjengea. Mama hakuwa amelala ndani yake hata usiku mmoja.

Mama anaitwa Françoise. Kati ya watoto aliowazaa tumebaki wawili, mimi Régine na kaka yangu Yves, mfanyabiashara wa Ariwara. Mama aliishi Kasenyi, kando ya ziwa, alikozikwa baba yetu. Alikausha samaki na kuwauza pamoja na dada yake. Mwaka jana dada yake alifariki, na nyumba waliyokaa ikarudi mikononi mwa watoto wa marehemu. Miguu ya Mama ilikuwa imeanza kuvimba. Alinipigia simu akasema, "Régine, nataka nizeekee karibu na weye. Kutoka Bunia naweza shuka kusalimia kaburi ya baba yako. Kutoka Ariwara siwezi."

Nilimshukuru Mungu kwa neno lile, kisha nikaanza kuogopa. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, yaani mume wa binti yake. Anaweza kuja mchana, akakaa nje, akala chakula alichotengewa, lakini jua likishuka lazima awe na mahali pengine. Mkwe naye hamtazami usoni. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mke wake, hata kama wote watatu wanasikilizana pale pale. Wengi mjini wameyaacha haya. Mama hakuyaacha. Na nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba viwili, na mwenye kiwanja alikuwa ametukataza kujenga kitu chochote uani, hata banda la kuku. Vyumba vya kupangisha vilikuwa vimejaa watu waliokimbia vita vya milimani. Niliomba asubuhi na jioni, nikisema, Bwana, mtafutie mama yangu mahali pa kulaza mbavu.

Jibu lilikuja kwa mkono wa mume wangu Anaclet, na lilikuja na kutu.

Anaclet hutengeneza injini za boti na kuchomelea vyuma. Siku moja alirudi kutoka Kasenyi ndani ya pikapu ya rafiki yake, na nyuma yake walikuwa wanakokota remorki, kile kigari kisicho na injini cha kubebea boti. Boti yenyewe ilikuwa imevunjika ziwani, na mwenye depo ya samaki alimpa Anaclet remorki kama shukrani kwa kufufua injini.

"Papa Ketsia," nilimwambia. Ketsia ni binti yetu, aliyeolewa Mahagi. "Umeleta tena chuma ya nini?"

"Nyumba ya mama yako."

"Iko wapi?"

"Iko mule ndani ya chuma. Haiyatoka bado."

Akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa nyumba ndogo juu ya magurudumu mawili, mbele mviringo, nyuma ikiteremka na kusinyaa kama tone la maji kwenye kioo. Alisema Wazungu hulala humo wakiwa safarini. Ndani hakuna mahali pa kusimama. Unafungua mlango wa ubavuni, unaingia, unalala. Kwa nyuma kuna kifuniko kinachoinuliwa, na chini ya kifuniko kuna jiko.

"Mwenye kiwanja alikataza kujenga," alisema. "Hakukataza kuegesha. Na mama hatalala kwa paa yangu. Hii paa itakuwa yake, naipatia yeye, mi sina neno ndani."

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, nikaona kwamba Mungu ana njia zake.

Kazi ilikula kiangazi chote. Kwanza Anaclet aling'oa viroli vya mpira vilivyokuwa vikipokea tumbo la boti, na mashine ya kukunjia kamba iliyokuwa mbele. Remorki ya boti ni nyembamba katikati, kama uti wa samaki, kwa sababu boti inajishikilia yenyewe. Nyumba haijishikilii. Kwa hiyo alichomelea vyuma vya kukatiza mpaka ikapata mbavu. Magurudumu yalikuwa yameingizwa majini mara nyingi, na beringi zake zimeliwa. Alizitoa kwa nyundo akatia nyingine na grisi nyingi. Jambo moja lilimfurahisha kuliko yote. Remorki ya boti hutengenezwa ikae chini, ili irudi kinyumenyume mpaka majini. Miguu ya Mama isingehitaji kupanda.

Kwa kuchora lile umbo la tone alitumia bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme. Alilikunja juu ya ubao mpana mwembamba wa triplex akalizuia kwa misumari, mimi nikishika upande wa mkia. Tukiharakisha, bomba lilipasuka, tukaanza upya na jingine. Alipokata ubavu wa kwanza, aliulaza juu ya ubao wa pili akaufuatisha kwa penseli. Chini aliweka mbao nzito, akazifunga kwenye vyuma kwa bolti, na godoro likatandikwa juu ya zile mbao moja kwa moja. Mgongo aliufunika kwa bati, viungo akaviziba kwa lami. Dirisha lilitoka kwenye taxi-bus iliyokufa.

Jirani yetu Denise alikuwa anakuja kila jioni kuangalia, mikono kiunoni.

"Mama Ketsia, bwana yako iko anatengeneza kapitene?" aliniuliza. Kapitene ni yule samaki mkubwa wa ziwa letu. "Kichwa iko, mukia iko. Inabaki sufuria."

Anaclet alimjibu akiwa chini ya vyuma. "Denise, ukisema tena nitakufungia mule kwa mukia."

"Funga tu. Si kwa mukia njo kuko jiko? Nitakula peke yangu."

Mimi nilipewa kazi moja. Ninasoma masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, pamoja na wanawake wengine ambao hatukwenda shule tukiwa wadogo. Anaclet alitaka niandike jina la Mama juu ya mlango kwa rangi nyeupe. Mwalimu wetu, Bruno, alinionyesha kimkia kinachowekwa chini ya herufi katika jina Françoise, na nilikichora mara nyingi chini kwa kijiti kabla ya kushika brashi. Jina lilikaa sawa. Nilisali mbele ya mlango ule, nikaweka kiganja changu juu ya bati, nikamwomba Mungu ampe Mama usingizi mwema ndani yake.

Kabla Mama hajafika ilinyesha mvua kubwa ya kufungua msimu. Mimi nilikuwa darasani. Bati la ukumbi lilipiga kelele mpaka mwalimu akaacha kufundisha, tukaimba mpaka ikapungua. Niliporudi, Anaclet alikuwa amebadili nguo na amekaa karibu na jiko la mbabula akiota makaa, uso wake umejaa furaha.

"Haivuje," aliniambia. "Hata kidogo."

Nilidhani alitazama kwa tochi. Nilimpa chakula, nikamwambia Mungu asifiwe. Sikumuuliza amejuaje.

Mama alifika kutoka Kasenyi katika taksi iliyojaa samaki. Tulimtoa polepole, mguu mmoja kisha mwingine. Anaclet alisimama mbali, upande wa jiko, ametupa mgongo kama inavyopasa, akasalimu kupitia mimi. Mama akajibu kupitia mimi. Kisha nikampeleka uani.

Aliizunguka nyumba ile yote akiishika kwa mkono mmoja, kama mtu anavyomshika ng'ombe anayetaka kumnunua. Nilimsomea jina lake mlangoni. Akaniambia nilisome tena. Akageuka, akakaa kwenye kizingiti, miguu yake ikiwa bado chini, mgongo wake ukigusa godoro.

"Iko chini sawa mutumbwi," alisema. "Régine, hapa nitalala."

Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja kushuhudia. Denise alikuwa anamsifia Anaclet mpaka akasahau mzaha wake. Mama akatazama juu ya paa.

"Na mvua?"

Niligeuka upande wa Anaclet ili nimpelekee swali, ingawa alikuwa amelisikia. Furaha ilikuwa imemjaa. Hakungoja.

"Ambia mama asiogope mvua," alisema kwa sauti, akiwa bado ametupa mgongo. "Ile siku ya mvua kubwa mi mwenyewe nililala mule ndani. Nilisinzia kabisa. Hata tone moja haikuniangukia."

Denise alicheka kidogo, akaacha. Mama aliutoa mkono wake kwenye godoro, akausogeza mpaka mapajani. Kwetu mama mkwe halali mahali ambapo mkwe wake amewahi kulala. Kisha akasimama bila kusaidiwa, jambo ambalo hakuwa ameliweza siku ile tangu asubuhi.

"Régine, amesema alilala wapi?"

"Mule ndani, mama." Ningesema nini? Alikuwa amesikia, na wanawake wote walikuwa wamesikia.

Anaclet aligeuka. Nilimwona anavyolielewa neno lake mwenyewe, kidogo kidogo, kuanzia machoni mpaka mabegani. Alitazama chini haraka.

"Mwambie nilikuwa naijaribu," alisema. "Nililala sawa vile fundi analala chini ya motokari."

"Nimesikia," Mama akasema. "Fundi analala chini ya motokari, iko kazi yake. Lakini hakuna mutu anatandikia mama mukwe wake kule chini ya motokari."

Jua lilikuwa linashuka. Denise alimshika Mama mkono, akampeleka kwake.

Nyumba ya Denise nayo ilikuwa imejaa. Ndugu zake waliokimbia vita walikuwa wamelala mpaka sebuleni. Mama alipewa mkeka kati ya watoto, karibu na mlango, ambapo upepo huingia. Nilikuwa nampelekea maji ya moto nimkande miguu, na kila siku kidole changu kilizama zaidi katika nyama.

Nilijaribu kumwombea mume wangu. "Mama, atabadilisha godoro."

"Godoro atabadilisha. Na mbao?"

"Mbao pia atabadilisha."

"Sikiliza, mutoto. Nyumba zingine ziko na kitanda ndani. Unatoa kitanda, nyumba inabaki, unaleta kitanda ingine. Hii nyumba yote njo kitanda. Ukitoa kitanda, nini inabaki?"

Alisema kweli. Mtu haingii humo kukaa wala kupika wala kupokea mgeni. Yule Mzungu aliyeiwaza aliwaza kitanda, kisha akakitia mfuniko. Huko kwao labda mama mkwe na mkwe hulala popote. Anaclet alikuwa ameitazama kwa macho ya fundi, mashine ya kuzuia mvua, na mashine hujaribiwa. Katika kibanda cha udongo asingeusahau mwiko huo hata akiwa mgonjwa. Magurudumu ndiyo yalimsahaulisha.

Niliporudi kwetu nilimkuta na ufunguo mkononi, ameanza kulegeza bolti za sakafu. Mama alimwona kutoka barazani kwa Denise, akaniita.

"Régine, mwambie aache. Haya ya mutu haifunguliwe na ufunguo. Hata akiweka mbao mupya, kila nikiingia mule nitajua mahali alinyoosha miguu."

Anaclet aliacha. Aliziweka bolti zilizotoka ndani ya kopo, akakaa juu ya gurudumu, hakula siku ile.

Mzee wa kanisa letu, Gérard, alikuja kuzungumza na Mama. Ni mtu mwenye Biblia kichwani na upole moyoni.

"Mama Françoise," alisema, "siye ni watu wa Bwana. Mambo ya zamani yalipita. Tena imeandikwa, mama mukwe wa Petro alikuwa amelala kwa nyumba ya Petro."

"Imeandikwa," Mama akakubali. "Na imeandikwa alikuwa na homa."

Denise aliingia ndani ili asicheke mbele ya mzee. Gérard mwenyewe alishindwa, akafuta macho.

"Bwana Yesu alimuponyesha, mama."

"Alimuponyesha, na yeye akaamuka palepale. Haiandikwe alirudi kulala. Muzee Gérard, Yesu alinifungua na zambi. Heshima aliniachia."

Baada ya hapo Gérard hakubishana tena. Aliomba, tukasema amina, akaenda.

Sikumkasirikia mume wangu. Nilikaa naye jioni zile. Mara nyingine nilitoka kwenda darasani nikarudi sijui tulisoma nini. Nilikuwa nimeomba mahali, na Mungu akanipa mahali, hata mlango wenye jina. Sikukumbuka kuomba lile dogo, kwamba aweke mlinzi mdomoni mwetu siku Mama atakapofika. Na nafsi yangu ilinirudisha mara kwa mara kwenye ile jioni ya mvua, mbabula ikiwaka, na mume wangu anayeota moto kama mtu aliyelowa akitoka mahali fulani. Neno moja la kuuliza, nasi wawili tungebadilisha mbao zote, tukanyamaza, tukatubu mbele za Mungu peke yake.

Kisha Yves akapiga simu. Alisikia kwamba mama yake analala kwenye mkeka kwa watu. Alisema Mama aje Ariwara, nyumba ni ya mwanawe, si ya mkwe. Lakini Yves huvuka mpaka kila juma, na mke wake yuko sokoni kuanzia alfajiri. Mama atakaa peke yake katika mji ambao hajui mtu, mbali na ziwa na mbali na kaburi. Alilijua hilo. Alimwambia Yves, ndiyo, mwanangu, na akanirudishia simu bila kunitazama.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa barazani, mizigo imefungwa.

Lori lilichelewa kwa ajili ya utelezi. Gérard alikuja na mke wake kumsindikiza kwa maombi, na majirani wakasimama uani kwa Denise. Anaclet alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mkononi alishika kuku jike mweupe na kitenge ambacho hakijakatwa. Alisimama nyuma ya Gérard, akatazama pembeni.

"Mama Françoise," Gérard alisema, "mukwe wako anaomba rehema. Alikosa bila kuwaza. Anakuletea hivi."

Mama alimpa Denise kuku amshike. Kitenge alikiweka mapajani, akakinyoosha kwa viganja.

"Nimepokea," alisema. "Ile neno imekwisha. Hakuna wa kumucheka tena kwa Saio yote, mumesikia? Alinitendea vile hata mutoto niliyezaa hakunitendea."

Watu wakasema ndiyo. Kwa kitambo kidogo nilitumaini, Mungu anisamehe. Nilitazama mizigo kama mtu anayetaka kuifungua. Mama aliniona.

"Hapana, Régine. Rehema iko rehema. Kitanda iko kitanda."

Honi ya lori ilisikika kutoka barabara kubwa. Mwenye lori hangojei mtu, maana magari ya kwenda Ariwara kwa njia ya Mahagi huenda kwa msafara kwa sababu ya vita, na atakayebaki nyuma atabaki peke yake. Mama hakusimama.

"Régine, nina neno kwa bwana yako. Mupelekee. Ile nyumba asiivunje, asiiuzishe."

"Amesikia, mama."

"Siku Yves atapiga simu kusema nimekwisha, akuye nayo mpaka Ariwara. Maiti haina mukwe. Anilaze mule, anirudishe hapa kwa uwanja yenu. Usiku moja tu. Nilale usiku moja kwa mutoto wangu. Asubui anishushe Kasenyi kwa baba yako." Kisha akaniambia, "Mupelekee."

Nilifungua mdomo. Anaclet alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, lakini neno la mama mkwe hufika kwa mkwe kupitia mimi. Nilisema, "Siku Yves atapiga simu," nikaishia hapo. Nilijaribu tena. Denise alikuwa ameficha uso wake katika manyoya ya kuku. Honi ikapigwa mara ya pili.

"Régine, mwanangu," Gérard alisema kwa upole, "pitisha neno."

Nilitikisa kichwa, nikaushika mzigo wa Mama.

Ndipo Anaclet alipovua kofia. Alisogea mbele ya Gérard, akapiga magoti katika udongo mbichi, macho yake yakiwa chini kwenye miguu ya Mama iliyovimba, wala hayakupanda zaidi ya hapo. Akasema mwenyewe, kwa sauti ya kusikiwa na wote waliokuwa uani:

"Mbele ya Mungu, na mbele ya Muzee Gérard na Mama Denise na bote beko hapa. Mama, barabara ikiwa mubaya namna gani, vita ikuwe ao mvua, nitakuya mi mwenyewe kukukamata na nyumba yako. Nitakulaza hapa kwa Régine, na mi nitalala inje. Na tangu leo hakuna mutu atalala mule mpaka weye ulale."